Pete za Magokoro Nyuma ya Kioo

Mwezi uliopita, kabla hatujafunga jeneza la mke wangu Bosibori, binti yetu Moraa alinifuata chumbani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hii pete tumwachie ama tumvue?" Wanawake walikuwa wameshamvalisha gauni lake jeupe la kanisani, mikono wameilaza kifuani, na ile pete nyembamba niliyomnunulia Kisii mjini tulipofunga ndoa ilikuwa imelegea kwenye kidole kilichokondeshwa na ugonjwa. Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Shemeji yangu mmoja alisema pale mlangoni, "Mwulizeni yeye, si ni yake?" Mwingine akajibu, "Yake vipi? Iko kwa kidole cha nani?" Wote wakaningoja. Nilitoka nje nikapita katikati ya wageni na vikombe vyao, nikaenda kusimama kwenye shamba la chai mpaka Moraa akaamua peke yake. Watu walisema mzee amezidiwa na uchungu. Ni kweli, lakini uchungu ulionitoa mle ndani haukuwa wa siku ile tu. Niliwahi kuulizwa swali la namna hiyo nikiwa na miaka kumi na tisa, nikalijibu upesi, tena kwa kicheko. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu lote. Hata Bosibori nilimpa nusu. Sasa naliandika.

Mwaka huo nilikuwa nakaa kwa nyanya yangu, juu ya kilima upande wa Nyamira. Kwetu nyanya ni Magokoro na babu ni Sokoro, na hivyo ndivyo nilivyowaita maisha yao yote, kwa hiyo nitawaita hivyo hapa. Jiko la Magokoro lilikuwa nyumba ya mviringo yenye giza zuri, mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya moto, kuku akiatamia kwenye kikapu nyuma ya mlango, na harufu ya moshi ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye shati la mtu njiani mate hunijaa mdomoni. Ukuta ulikuwa umekolea masizi, nami nilikuwa nimeuchora wote kwa chokaa: ng'ombe, lori lililobeba ndizi, mnara wa kanisa, mwanamke anayecheka. Magokoro hakunikataza. Alinitania tu. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake kwa utani, na utani huo hauna likizo. "Mume wangu ameamka," alikuwa akisema nikitoka kwenye ngozi yangu ya kulalia asubuhi. "Mume gani huyu, jamani? Kuni hakuna, maji hakuna, anachora ng'ombe. Huyo ng'ombe wa chokaa nitamkamua lini?" Nami namjibu, "Nyamaza, mwanamke, nitaoa wa pili." "Oa! Oa hata leo! Akupikie yeye, mimi nipumzike." Sokoro akisikia toka uani alikuwa anakohoa na kusema, "Kerubo, mwambie huyo bwana yako apishe mbuzi wangu," na hapo nyumba nzima inacheka isipokuwa yeye.

Miguuni Magokoro alivaa ebitinge. Ni pete nzito za chuma, tatu kila mguu, alizofungwa siku ya harusi yake akiwa msichana kutoka Kenyenya, na mwanamke aliyefungwa hizo hazivui mpaka mume wake afe. Siku ya kufiwa ndipo zinavuliwa, na kila mtu akimwona miguu mitupu anajua amezika. Mimi nililijua hilo? Nililijua kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajawahi kuuvuka. Vijana wa rika langu tuliziona kama vitu vya zamani, kama ngozi na shanga. Akina mama wengi wa kanisa la Sabato walishazitoa, kwa sababu mhubiri alikataa kumbatiza mwanamke aliye na chuma mguuni. Magokoro alienda ibada kila Jumamosi, akaimba kuliko wote, lakini ubatizo ulimpita mwaka baada ya mwaka. "Bwana Yesu ananijua na chuma changu," alikuwa akimwambia mhubiri. "Maji yake yakiogopa kutu, basi nitangoja." Jioni akimpelekea Sokoro chakula kwenye nyumba yake ya upande wa pili wa boma, pete ziligongana kila hatua, na yule mzee alikuwa anaweka kigoda sawa na kunawa mikono kabla hajamwona. Sikumbuki wakizungumza sana. Alikula, akarudisha bakuli, akasema, "Imefika." Kwa miaka hamsini hakula kwa mkono mwingine kama yeye yupo nyumbani.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi, karo ikaishia hapo. Lakini nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Nilichora mabango ya maduka pale Keroka, mikate, vinyozi, vikombe vya chai vinavyotoa moshi, na kikombe changu bora kilikuwa ukutani kwa Mzee Abdalla, mwenye hoteli karibu na stendi. Ndicho kilichomleta Bwana Eliudi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kaptura ya kaki na miwani, aliyetumwa na jumba la sanaa la taifa kule Nairobi. Jumba hilo lilikuwa limefungwa muda mrefu likijengwa upya, na sasa lilikuwa likikusanya vitu vya kila kabila kabla ya kufunguliwa tena. Alikunywa chai, akakitazama kikombe cha ukutani, akauliza, "Nani amechora hiki?" Mzee Abdalla akaninyooshea kidole: "Ndiye yule anayejipaka rangi kwenye suruali. Mchukue, lakini umrudishe, namdai mandazi." Bwana Eliudi alitaka mtu anayezijua nyumba za watu na anayejua Kiswahili. Akaniambia kwamba ndani ya jumba hilo kuna vyumba vitatu vya picha pekee, picha za rangi ya mafuta kubwa kama mlango, na kwamba siku ya kufunguliwa atanitumia kadi ya mwaliko yenye jina langu. Nilitembea kurudi Nyamira siku hiyo bila kuhisi kilima.

Tulizunguka wiki tatu na gari lake. Tulipata vigoda, vibuyu vya maziwa, bakuli za mawe laini kutoka Tabaka, na obokano moja, kinubi chetu chenye nyuzi nane, ambayo mwenyewe alilia kidogo alipoiachia. Kitu kimoja tu kilitukwepa. "Onchari, nahitaji ebitinge zilizovaliwa," Bwana Eliudi alisema. "Si za kutengeneza juzi. Zilizolainishwa na mguu." Zilizotolewa na wanawake wa kanisa zilishatupwa mtoni au kupelekwa kwa mhunzi zikawa visu. Waliobaki nazo walitufukuza. Mmoja alitumwagia maji ya kuoshea vyombo. Siku ya mwisho, gari likiwa limeshapakiwa, nilimwambia, "Ninajua mahali." Akavua miwani akanitazama. "Mwenye nazo akubali mwenyewe. Na umwambie wazi, zikiingia pale hazitoki." Nikasema nitamwambia. Namtetea Bwana Eliudi hapa kwa sababu watu wa ukoo wamemlaumu miaka yote, wakisema mtu wa Nairobi alikuja akaiba. Hakuiba. Aliuliza vizuri, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Magokoro alikuwa amekaa mlangoni akipepeta wimbi, miguu ameinyoosha juani. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza habari za jumba, vioo, taa, wageni kutoka ng'ambo watakaosimama na kusema, hizi ni za Kerubo. Alicheka. "Wazungu waje kutazama miguu yangu?" Nikasema, na mhubiri naye atakubatiza, mambo mawili kwa siku moja. Akaacha kupepeta. "Na mume wangu je?" Hapo ndipo niliposema neno ambalo ningetoa kidole nisiwe nimelisema. "Kwani mume wako ni nani? Si mimi? Basi mumeo amekuruhusu." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanipiga begani na ungo. "Na yule mwingine wa kule?" "Yule ni mwenzangu tu, nitaongea naye." Akajifuta macho, halafu akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti isiyokuwa na mchezo ndani yake, "Zitarudi?" Nikamwambia, "Zitarudi. Zinaenda kutazamwa tu." Nimejiuliza miaka mingi kama niliamini. Sikuamini. Nilitaka kadi.

Nilikuwa nimekuja na koleo la fundi wa magari, nimelificha chini ya shati. Tulipaka samli. Alikuwa ananielekeza, "Hapo, polepole, hiyo ya ndani ndiyo kaka mkubwa," na kila moja ilipofunguka alivuta pumzi kama mtu anayekanyaga maji ya baridi. Ngozi ya chini ilikuwa laini, imepauka, kama ya mtoto mchanga, na juu yake mistari mitatu imeingia ndani. Aliigusa. "Kumbe nina miguu," alisema. Nikafunga pete sita kwenye gazeti nikakimbia mpaka barabarani gari lilikoningojea. "Amekubali?" Bwana Eliudi aliuliza. "Amekubali," nikasema. "Ulimwambia hazirudi?" "Nilimwambia."

Jioni ile, jua bado lipo, nilikuwa nimekaa uani nikila ndizi ya kuchoma huku nikipiga mluzi. Magokoro alitoka jikoni na bakuli la Sokoro, akatembea taratibu, akipepesuka kidogo kwa sababu miguu ilikuwa myepesi kuliko alivyoizoea. Hakuna kilicholia. Sokoro alikuwa ameinama anachonga mpini, hakuinua kichwa mpaka kivuli cha Magokoro kilipomwangukia. Akaona miguu kwanza. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Nani amekufa?"

Magokoro alijaribu kucheka. "Hakuna. Mume wangu mdogo amenivua, zinaenda Nairobi kutazamwa."

"Nani amekufa, Kerubo?"

"Hakuna mtu amekufa, nimekuambia. Kula, uji unapoa." Ulikuwa ugali wa wimbi, wala si uji. Alichanganyikiwa. Yule mzee akaweka mpini chini, akasogeza bakuli kwa ncha ya kidole, si kwa hasira, kama unavyosogeza kitu cha mtu mwingine. "Basi ni mimi," akasema. "Maiti hali." Akaingia ndani akafunga mlango.

Baada ya siku mbili wazee walikuja, nami nilisikiliza nikiwa nyuma ya ghala. Mkubwa wao alikuwa Matundura, ndugu yake Sokoro, mtu mwenye sauti ya kupasua kuni. Mmoja alisema mila hizi zimezeeka, wake za watoto wetu hata hawazijui, tuchinje mbuzi yaishe. Matundura akamwambia, "Wake za watoto wetu hawakufungwa. Huyu alifungwa. Mwanamke akivua, amezika." "Lakini mtoto alikuwa akimtania." "Mtoto atanie uji. Chuma hakitaniwi." Wakamwuliza Sokoro anasemaje, naye akasema hana la kusema, kwani maiti hazungumzi kwenye baraza, na kuna mzee alicheka akakatiza kicheko katikati. Mwishowe uamuzi ukawa huu: pete zirudi, zile zile, si nyingine, kwa sababu pete mpya ni ndoa mpya na mume mwingine. Zikirudi, mbuzi atachinjwa, Magokoro atafungwa tena na mambo yatakwisha. Lakini Sokoro akifa kabla hazijarudi, yule mwanamke hatakaa matangani kama mjane, maana alishamzika akiwa hai. Atarudishwa kwa ndugu zake Kenyenya, mzee kama alivyo, na kaburi lake litachimbwa huko.

Nikaandika barua Nairobi. Nikaandika ya pili. Bwana Eliudi alikuwa njiani, akikusanya vitu vya makabila mengine, na barua zangu zilikaa mezani kwake miezi minne bila kufunguliwa. Miezi hiyo ndiyo ninayoiota. Kila jioni Magokoro alipika. Alichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaichemsha mara mbili na kuitia maziwa kama Sokoro alivyopenda, akasonga ugali wa wimbi, akaweka bakuli juu ya kigoda mbele ya mlango uliofungwa, akarudi. Baadaye alienda kulichukua likiwa limejaa. "Kuleni, watoto," alikuwa akisema, na watoto wa jirani walikula, wakanona mwaka ule. Sokoro alikuwa akienda kula kwa Matundura, lakini alirudi amegusa kidogo tu, akawa anakonda mpaka mkanda ukamzunguka mara moja na nusu. Kanisani nako, mhubiri alikuja amefurahi kusema sasa dada Kerubo yuko tayari kwa maji. Magokoro akamjibu, "Mchungaji, ningoje kwanza. Kuna mtu nyumbani hajala." Hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniita mume wangu, lakini taratibu, kama mtu anayekanyaga gogo lililooza akipima kama litamshika.

Sokoro alipoacha kutoka kitandani nilienda kwake mwenyewe. Nyumba yake ilinuka ugoro na ngozi kavu. Nikapiga magoti, nikasema yote, la koleo, la kadi, la uongo. Alinisikiliza amefumba macho. Nikamwomba ale. "Sina hasira na nyanya yako," akasema. "Wala na wewe. Wewe ni mjinga, ujinga unapona." Akapumua. "Lakini nikila kwa mkono wake vile alivyo, nitakuwa nakula matanga yangu mwenyewe. Nani amewahi kufanya hivyo akalala?" Nilidhani amesinzia. Halafu akauliza, bila kufungua macho, "Leo amepika nini?" Nikamwambia chinsaga na wimbi. "Ameitia maziwa?" Ameitia, nikasema. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Kadi ilifika wiki hiyo. Nilifika Nairobi asubuhi ya kufunguliwa nikiwa na viatu vya kuazima na uamuzi mmoja tu kichwani. Jumba lilinuka rangi mbichi na nta ya sakafu. Kulikuwa na bendi, utepe, wanaume wenye suti na wanawake wenye vilemba vikubwa, na mkate uliokatwa vipande vidogo hata mtoto asingeshiba. Nilionyesha kadi, nikaingia kutafuta pete, na chumba cha kwanza nilichoingia kilikuwa cha picha. Nikisema sasa nilichofanya mle utaniona sina moyo. Sikuwa nimewahi kuona rangi ya mafuta. Kulikuwa na picha ya mvua inakuja juu ya shamba, mbingu ya zambarau, na mwanamke mmoja mdogo mno anakimbia kuanua nguo, na nilipoikaribia yule mwanamke akageuka kuwa madoa matatu tu ya brashi, nilipojitenga akawa mwanamke tena. Nikakaribia, nikajitenga. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nikaenda kwenye picha ya pili, ya tatu, chumba cha pili, nikipima kwa kidole hewani jinsi mkono ulivyopita. Saa iliyokuwa ukutani ndiyo iliyonishtua. Kwa saa nzima nilikuwa na furaha iliyokamilika, na katika saa hiyo Sokoro alikuwa amelala Nyamira na njaa yake, nami sikumkumbuka hata mara moja. Nimesamehewa mambo mengi na watu wengi. Hiyo saa sijui ni nani wa kuisamehe.

Pete zilikuwa chumba cha nne, ndani ya sanduku la kioo, juu ya kitambaa cheusi, zimepangwa duara kama maua. Walikuwa wamezing'arisha. Taa ndogo iliziangaza toka juu, na kibandiko kilisema: Njuga za wachezaji ngoma, Kisii. Bibi mmoja mwenye glavu alimwambia mwenzake, "Nzito hivi, walikuwa wanachezaje?" Niliweka viganja viwili juu ya kioo. Nilikuwa na uhakika kwamba nikisukuma kitavunjika. Mama wa kufagia akaja na kitambaa, akanisogeza taratibu kwa kiwiko, akafuta alama za vidole vyangu, akasema, "Pole, kijana, leo wakubwa wapo," na kioo kikawa safi kama sikuwahi kufika.

Nilimpata Bwana Eliudi kando ya ngazi na glasi ya maji mkononi. Alifurahi kuniona, na ilinibidi niiondoe furaha ile usoni pake kwa maneno yangu mwenyewe. Nilipomaliza alikuwa amevua miwani. "Uliniambia amekubali."

"Alikubali kuazima."

"Onchari. Uliniambia ulimwambia."

"Nilikudanganya, bwana. Naye nilimdanganya. Ninyi wawili hamna kosa, mwenye kosa ni mimi."

Akaenda kuongea na mkubwa wake, niliwaona wakiongea kati ya wageni, yule mkubwa akitabasamu kwa wageni na kutikisa kichwa kwake. Akarudi. Kilichokwisha kuandikishwa hakiwezi kutoka ila kwa idhini ya kamati, akasema, na kamati itakaa baada ya miezi mitatu, na mwenye mali atalazimika kutia alama kwenye fomu. Nikamwambia babu yangu hana miezi mitatu. "Najua," akasema. "Niambie cha kufanya ninachokiweza." Nikamwambia zile si njuga. Alitoa kalamu, akafungua sanduku kwa ufunguo wake mbele za watu, akatoa kile kibandiko na kuandika cha mkono: Pete za ndoa. Hazivuliwi mume akiwa hai. Kwa dakika ile sanduku lilikuwa wazi, pete zilikuwa umbali wa mkono wangu. Sikuzichukua. Niliogopa askari wa mlangoni, niliogopa kumwaibisha yule mtu mara ya pili. Akafunga.

Nilirudi na mikono mitupu, na Sokoro akafa siku ya tisa baada ya mimi kufika. Bakuli lilikuwa juu ya kigoda mlangoni, limefunikwa. Matundura hakupiga kelele. Alikuja jikoni asubuhi kabla ya waombolezaji kujaa, akasimama nje ya kizingiti, akasema, "Kerubo, mwana wa Kenyenya, gari liko barabarani," akimwita kama msichana ambaye hajaolewa. Baba yangu, aliyekuja kumzika baba yake, aliomba, akapiga magoti, wala hakuna aliyemsikiliza. Magokoro alikusanya mkeka, sufuria mbili na nguo yake ya Sabato. Wanawake waliokuwa wakilia uani walinyamaza alipopita, kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa kumlilia Sokoro mbele yake. Yeye mwenyewe hakutoa sauti. Hakuwa na haki ya kilio. Njiani nilibeba mkeka, naye akaniambia, "Onchari, usitembee upesi." Jina langu sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu nizaliwe.

Kenyenya walimpa chumba nyuma ya nyumba ya mtoto wa kaka yake, karibu na zizi. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili. Alipokea ubatizo huko, na hakuuzungumzia. Miezi mitatu ikapita na siku kadhaa, ndipo bahasha ya jumba la sanaa ikafika, yenye muhuri. Kamati ilikuwa imekubali. Bwana Eliudi alikuwa ameandika pembeni kwa mkono wake kwamba ameomba sana, na kwamba ataleta pete mwenyewe hadi mlangoni mara mwenye mali atakapotia kidole gumba. Nilipanda kilima cha Kenyenya na fomu ile na kibati cha wino, nikakimbia sehemu za kukimbia.

Alikuwa amekaa juani, nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha. Ile mistari mitatu ilikuwa imeanza kufutika. Nilimsomea fomu mara mbili. Alinisikiliza vizuri, akanirudishia karatasi. "Za kazi gani tena?" akasema. "Mume wangu amekufa. Hata ningekuwa nazo, si ningezivua?" Nilianza kusema kitu kuhusu Matundura, kwamba labda akiziona atalainika. Akatikisa kichwa. "Waache wazitazame. Wewe nivue."

Sikuelewa. Akasogeza miguu mbele yangu, yote miwili pamoja. "Nimefiwa, na hakuna aliyenivua. Nivue, tafadhali."

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikashika kifundo cha mguu wa kulia, mkavu na wenye joto la jua, nikaweka vidole mahali pale pale, nikafungua pete ambayo haikuwepo, nikaipitisha kwenye kisigino na vidole, nikaiweka chini. "Moja," akasema. Nikatoa ya pili. Nikatoa ile ya ndani, nikachukua muda, kwa sababu hiyo ilikuwa ngumu kutoka. Nikahamia mguu wa kushoto. Mke wa mpwa wake alitoka na ndoo akasimama, hakuuliza. Nilipoiweka ya sita chini, Magokoro alivuta miguu yake akaikunja chini ya gauni, akaweka mikono kichwani, akapaza sauti ya mjane, ile ndefu, aliyoizuia tangu asubuhi ya gari. Watu walianza kutoka majumbani ng'ambo ya bonde, wakisimama kusikiliza, wakiulizana ni nani amekufa.